Wifi amefukuza mawese jikoni, mume anakunywa zeituni na ameacha vidonge vya presha

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wanne, naishi Ujiji hapa Kigoma. Mume wangu ana miaka 52, ananunua dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi na kupeleka Tabora. Mwaka jana alianza kulalamika kichwa na kizunguzungu. Nikamlazimisha twende hospitali, wakamkuta presha iko juu sana, na kipimo cha damu kikaonyesha lehemu (kolesteroli) imezidi. Akaandikiwa vidonge vya presha na vingine vya lehemu. Alivitumia vizuri, presha ikashuka, tukamshukuru Mungu.

Baada ya Idi alikuja wifi yangu anayeishi Dar es Salaam, akaja na chupa tatu za mafuta ya zeituni. Siku ya pili aliingia jikoni nikiwa napika sombe (kisamvu), akaliona dumu la mawese, akasema kwa sauti, "Hii ndiyo sumu inayommaliza kaka yangu." Akalibeba mwenyewe akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba. Shangazi, mama mkwe alikuwa amekaa barazani anaona yote. Mawese yale alikuwa ameyaleta yeye. Ana michikichi yake upande wa Mwandiga, amekamua tangu ujana wake, na hao watoto wake wawili, mume wangu na huyo wifi, wamesomeshwa kwa hela ya mawese. Hakujibu neno. Alijifunga kanga yake, akaaga, akaondoka. Mpaka leo hajakanyaga kwangu, na nikimpigia simu anapokea mjukuu.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mume wangu. Tangu dada yake aondoke anakunywa nusu kikombe cha zeituni kila asubuhi kabla ya chai, na vidonge ameacha. Ametumiwa video kwenye simu zinazosema zeituni inazibua mishipa na kufuta presha kabisa. Nikimkumbusha dawa ananiambia mti huo umetajwa ndani ya Qur'an, hivyo mimi nina imani ndogo. Wiki sita sasa hajapima.

Chupa ya mwisho iko ukingoni na anataka ninunue nyingine kwa hela ya matumizi. Nimeulizia mjini, chupa ya nusu lita kwa bei yake napata mawese ya kupikia mwezi. Kuna duka la vipodozi wanauza vichupa vidogo vya zeituni kwa bei nafuu, nikafikiria nichukue hivyo. Wifi naye alisema zeituni isiguswe na moto, inageuka sumu. Sasa samaki nikaange na nini? Na watoto sombe isiyo na mawese hawaigusi.

Nisaidie Shangazi. Mawese ni sumu kweli? Zeituni inatibu presha? Na mama mkwe nimwendee vipi?

Mke mwenye mawazo, Ujiji

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Umeuliza mengi, na yote nitayajibu, lakini moja halisubiri mengine. Mumeo apimwe presha kesho asubuhi. Asijitibu kwa kurudia vidonge vilivyobaki kwenye droo. Baada ya wiki sita daktari anatakiwa kuiona presha yake ilivyo sasa, ndipo amwambie aendelee na kipimo kile kile au kibadilishwe. Presha hukaa juu bila kumuuma mtu popote, na wakati huo inaharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo. Kwa hiyo akikwambia "najisikia vizuri" usikubali iwe ndiyo hoja. Na siku yoyote ukiona mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, hicho ni kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo, na usimpe chochote mdomoni, maji wala mafuta wala kidonge.

Hakuna mafuta ya kupikia, ya zeituni au ya mti mwingine wowote, yanayochukua nafasi ya dawa kwa mtu ambaye presha yake imeshafika mahali pa kuhitaji vidonge. Chakula kizuri huisaidia dawa kufanya kazi, na baada ya muda daktari anaweza hata kupunguza kipimo. Anayepunguza ni daktari mwenye mashine mkononi. Video ya kwenye simu haimjui mumeo.

Hilo la Qur'an nalichukulia kwa uzito, kwa sababu naona ndilo lililomshika. Amesema kweli, mzeituni umetajwa. Katika Suratun Nur, aya ya 35, umeitwa mti uliobarikiwa, usio wa mashariki wala wa magharibi, ambao mafuta yake yanakaribia kung'aa hata kabla moto haujayagusa. Iko pia hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba Mtume alisema kuleni mafuta hayo na mjipake, kwani yanatoka kwenye mti uliobarikiwa. Sasa msomee mumeo hadithi hiyo polepole. Imesema kuleni na mjipake. Haikusema acheni tiba. Na Mtume huyo huyo ndiye aliyewaambia waja wa Mwenyezi Mungu watafute matibabu, kwa kuwa hakuna maradhi aliyoyaweka bila kuyawekea dawa. Mtu anayekula zeituni na kumeza vidonge vyake ametii yote mawili. Kama maneno yangu na yako hayamwingii, mwombe imamu wa msikiti wenu, au mzee anayemheshimu, akae naye baada ya swala. Mwanamume wa miaka 52 mara nyingi husikia jambo likitoka kwa mwanamume mwenzake, hata kama mkewe amelisema mara kumi.

Nusu kikombe kila asubuhi nayo ikome. Mafuta ni mafuta: gramu moja ya zeituni ina kalori tisa sawa na gramu moja ya mawese, ya alizeti au ya samli. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Nusu kikombe inakaribia kalori 1,000, karibu nusu ya anachohitaji mtu mzima kwa siku nzima, na bado hajagusa chai wala ugali. Akiendelea hivyo ataongezeka uzito, na uzito ukipanda presha nayo hupanda.

Baada ya hayo, nikwambie mafuta yenyewe ni nini, maana wifi yako hakukosea kuyapenda. Amekosea mengine.

Mzeituni ni mti wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Watu wa ukanda wa mashariki wa bahari hiyo, kuanzia Palestina hadi Syria, walikuwa wakikamua zeituni zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Wanaosoma Biblia wanaukumbuka mji wa Ekroni wa Wafilisti. Wachimbuaji wamekuta hapo mashinikizo ya mafuta zaidi ya 100, ya karne ya saba kabla ya Kristo, mji mzima ukiishi kwa kazi hiyo. Zeituni ilikuwa chakula, taa ya nyumbani na ya hekaluni, sabuni, dawa ya jeraha na mafuta ya kuwapaka wafalme. Yule Msamaria mwema alipomkuta majeruhi njiani alimmiminia mafuta na divai kwenye vidonda. Athene ya zamani, washindi wa michezo mikubwa ya mji walizawadiwa mitungi ya mafuta haya. Na Roma mpaka leo kuna kilima kinaitwa Monte Testaccio, kimo chake kama mita 35, ambacho si cha udongo wa asili hata kidogo: ni vigae vya mitungi ya mafuta iliyovunjwa na kutupwa pale, inayokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, mingi ikitoka kusini mwa Hispania na mingine Libya na Tunisia. Kwa hiyo Afrika nayo imo katika historia hii tangu zamani, na Tunisia hadi sasa ni kati ya wazalishaji wakubwa duniani. Wa kwanza ni Hispania.

Huku kwetu mti huo haujazoea. Mzeituni unahitaji majira ya baridi ili uchanue vizuri, na Kigoma baridi ya namna hiyo hatuna. Ndiyo maana chupa inafika kwako ikiwa imevuka bahari na ghali.

Habari ya afya ilianza kusikika sana baada ya mwaka 1958, mtafiti wa Marekani aitwaye Ancel Keys na wenzake walipoanza kuwafuatilia wanaume wa nchi saba. Wanaume wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walikuwa wanakula mafuta mengi, karibu asilimia 40 ya nishati yao, na bado vifo vyao vya ugonjwa wa moyo vilikuwa vichache kuliko kwingine kote walikopima. Mafuta yenyewe karibu yote yalikuwa zeituni. Usisahau pia kwamba watu wale walikuwa wakulima, wanapanda na kushuka milima kwa miguu, wanakula maharage, mboga za majani na matunda, nyama mara chache.

Utafiti uliokuja kupima jambo hili kwa ukaribu zaidi ulifanyika Hispania, unaitwa PREDIMED. Watu 7,447 wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, wengi wao wakiwa na presha au kisukari, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilikula chakula cha Mediterania na kupewa zeituni ya daraja la juu, la pili chakula hicho hicho pamoja na lozi na jamii yake, la tatu likashauriwa tu kupunguza mafuta. Baada ya karibu miaka mitano, makundi mawili ya kwanza yalipata shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya moyo pungufu kwa kama asilimia 30, na tofauti iliyoonekana wazi zaidi ilikuwa kwenye kiharusi. Matokeo yalitoka 2013. Yaliondolewa na kuchapishwa upya 2018 kwa sababu baadhi ya watu hawakugawanywa kwa kura kama inavyotakiwa, lakini yalipohesabiwa tena jibu lilibaki karibu lile lile.

Angalia vizuri hapo mwanangu. Watu wale hawakuacha vidonge vyao vya presha. Mafuta waliyatia kwenye chakula, juu ya mboga, dengu na samaki, na hawakuyanywa kwa kikombe. Na kundi lililopewa lozi lilipata nafuu ileile bila kutegemea chupa ya zeituni. Maana yake kinachomlinda mtu ni mlo mzima, na zeituni ni sehemu moja ya mlo huo.

Sasa mawese. Sumu hapana. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, na wifi yako asome. Mchikichi ni mti wa Afrika hii hii, na Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliyakuta mawese na akayaandika. Ule wekundu wake ni karotini, kiasi cha miligramu 500 hadi 700 katika kila kilo ya mawese yasiyosafishwa, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese mekundu kinatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku. Zeituni karotini hiyo karibu haina. Kwa hiyo wanao wasinyang'anywe sombe yao kwa ajili ya lehemu ya baba yao.

Lakini kwa baba yao kuna jambo la kweli. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda. Ukipanda Kasulu asubuhi za Juni na Julai utaona mawese yamekuwa mazito kwenye dumu mpaka yachotwe kwa kijiko. Hiyo ndiyo aina ninayoisema. Mafuta ya namna hiyo yakizidi, ini huachia lehemu mbaya nyingi zaidi kwenye damu. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina karibu gramu saba za mafuta hayo, na cha zeituni kina gramu mbili tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 22. Vijiko vitatu vya mawese vimeshafika hapo, kabla ya maziwa, nyama au maandazi. Zeituni kwa sehemu kubwa, kati ya asilimia 55 na 83, ni asidi ya oleiki, ambayo haipandishi lehemu mbaya hivyo. Ndipo faida yake inapotoka: inasaidia pale inapokaa mahali pa mafuta yanayoganda. Ukiongeza zeituni juu ya mawese yale yale hujapata kitu, umeongeza kalori tu.

Na msiyachanganye mawese na mise. Mise, yanayokamuliwa kwenye kiini cha chikichi, yana mafuta yanayoganda kama asilimia 80. Hayo yaende kwenye sabuni, kwa mumeo yasipikiwe kabisa.

Jikoni basi. Sufuria ya sombe ya watu sita usiimiminie mawese kwa kukadiria na dumu. Pima kwa kijiko, vijiko vitatu vikubwa kwa sufuria nzima. Kila mtu atapata nusu kijiko, ladha na rangi vitabaki, watoto watakula, na baba atakula humo humo bila kupikiwa chake pembeni. Kama mna desturi ya kuyachemsha mawese mpaka yatoe moshi na kuwa meupe ili harufu ipungue, iacheni leo. Mkifika hapo karotini imeungua, na yale yanayoganda yamebaki pale pale. Kaangia kitunguu kwenye moto mdogo, wekundu ubaki.

Kuhusu zeituni na moto, wifi yako amesikia vibaya. Zeituni ya daraja la juu huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto kama 190 hadi 210, na kukaanga kwa kawaida ni nyuzi 180 au chini yake. Wagiriki na Wahispania wanakaangia kila siku. Ninachokataa ni kuizamisha migebuka ndani ya zeituni ya bei ile: huo ni upotevu, na harufu nzuri yote inapotea. Migebuka ipike mchuzi wa nyanya, au ichome kwenye mkaa, halafu ukishapakua mnyunyizie baba kijiko cha zeituni juu pamoja na ndimu. Fanya hivyo kwenye maharage yaliyokwishaiva na kwenye kachumbari. Kijiko kimoja mchana na kimoja jioni vinamtosha, na kwa mtindo huo chupa ya nusu lita itakaa zaidi ya wiki mbili. Samaki na dagaa wa ziwani wenyewe wana mafuta yanayoufaa moyo, hivyo mumeo anafanya biashara ya chakula kilicho bora kwake.

Mwezi ambao hela ya chupa haipo, usikope na usijione umemkosea mumeo. Alizeti ya Singida ina mafuta yanayoganda machache, inafaa kupikia kila siku. Karanga zina asidi ile ile ya oleiki kwa wingi. Na parachichi! Yanashuka Kigoma kutoka Kasulu na Buhigwe mpaka yanaozea sokoni, na mafuta yake yanafanana sana na ya zeituni. Nusu parachichi kwenye sahani ya ugali, mumeo amekula alichokuwa akikitafuta Dar es Salaam. Mafuta uliyokaangia mara moja mpaka yakawa meusi usiyarudishe kwenye karai tena na tena, yawe ya aina yoyote.

Kuna kitu hujaniuliza na mimi nakitaja kwa nguvu: chumvi. Kwa presha, kupunguza chumvi kunafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha mafuta. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku, kijiko cha chai kimoja kwa kila kitu anachokula. Samaki wa chumvi, vile vidonge vya mchuzi vya dukani, chumvi ya kuongeza mezani, vyote vinahesabiwa humo. Samaki wa chumvi mloweke na umwage maji mara mbili. Chupa ya chumvi iondoke mezani.

Vichupa vya duka la vipodozi usinunue. Vingi ni vya nywele na ngozi, vimetiwa manukato au kuchanganywa na mafuta mengine, na ukisoma pembeni utakuta maandishi kwamba ni kwa matumizi ya nje. Zeituni ya kula nunua duka la chakula. Tafuta lebo yenye maneno "extra virgin", ndiyo daraja la juu: yamekamuliwa kwa mashine bila kemikali na tindikali yake haizidi asilimia 0.8. Ukikuta "pomace", hayo yametolewa kwenye makapi kwa kemikali kisha yakasafishwa. Yanalika, ila vilivyo bora vimebaki nyuma. Neno "light" halina maana ya kalori chache, ni ladha tu iliyopunguzwa. Chagua chupa ya rangi nyeusi au kopo, angalia tarehe, na nyumbani iweke kabatini mbali na jiko na dirisha, kwa sababu mwanga na joto huyaharibu. Yakikuwasha koo kidogo ukiyaonja usiogope, hiyo ni dalili nzuri. Na usinunue yaliyomiminwa kwenye chupa za maji yasiyojulikana yalikotoka, hata muuzaji akiapa. Hispania kwenyewe, mwaka 1981, watu zaidi ya 20,000 waliugua na mamia wakafa kwa mafuta ya viwandani yaliyouzwa mitaani kwa jina la zeituni.

Nimalizie na mama mkwe. Mwanangu, yule mama amedhalilishwa mbele ya mkwewe na binti yake wa kumzaa. Kilichomwagwa ni kazi ya mikono yake: amepanda, amekata mikungu, amechemsha, amekamua, na kwa kazi hiyo akalipa ada za hao hao. Wifi yako aliingiwa na hofu ya kumpoteza kaka yake, hilo naliona na sitaki umchukie. Mpigie, mwambie kwa upole mambo niliyoandika hapa, na mwambie ampigie mama yake yeye mwenyewe. Kama anataka kusaidia, hela ya chupa mbili kati ya tatu angenunua mashine ya kupimia presha ya kuvaa mkononi, mumeo akawa anapima nyumbani na kuandika kwenye daftari.

Wewe usitume salamu kwa simu ya mjukuu. Nenda Mwandiga. Usiende kumfundisha mama mkwe habari za lehemu. Nenda umwombe mawese. Mwambie watoto wanayataka, na mwambie kwamba mwanawe anapaswa kula kidogo kwa ajili ya afya yake, akuonyeshe jinsi ya kupika sombe yenye mafuta machache isipoteze ladha. Mwanamke aliyepika miaka yote hiyo anajua njia ambazo mimi na wewe hatuzijui, na atakuwa upande wako jikoni akijua mawese yake yanathaminiwa. Na kwa vidonge, hakuna atakayemsimamia mumeo vizuri kuliko mama yake akishajua kwamba ameviacha. Mwambie.

Lakini usiende peke yako. Dumu la mama yake limemwagwa nyumbani kwa mumeo, na hujaniandikia kwamba amesema neno. Mpime presha kwanza, kisha mwende wote wawili, na maneno ya kuomba radhi ayatoe yeye.